Maikrofoni ya Gitaa na Neno la Mwimbaji

Walimu wenzetu huenda wakashangaa kuona katika kurasa hizi, zilizozoea habari za ngeli na mizani ya shairi, makala inayozungumzia maikrofoni za kunasia gitaa la umeme. Twaomba watuvumilie kidogo. Sisi si mafundi wa mitambo. Tumesomea ualimu, tukapata stashahada yake, na tangu hapo kazi yetu imekuwa kufundisha Kiswahili. Walakini hapa Kismayu tulilazimika kupima maikrofoni nne mbele ya amplifaya moja, na kilichotulazimisha kilikuwa konsonanti moja tu ya Kibajuni.

Kwanza hatuna budi kukubaliana juu ya majina, maana hapa lugha yetu yaweza kumpoteza msomaji. Neno kipaza sauti hutumiwa kwa kile chombo anachokishika msemaji mkononi, na papo hapo hutumiwa kwa lile tarumbeta la juu ya mnara wa msikiti. Kinasa sauti nacho mara ni mashine ya kurekodia, mara ni maiki yenyewe. Katika mkutano wa hadhara hakuna madhara. Lakini mtu akisema "sogeza kipaza sauti mbele ya kipaza sauti" hajasema kitu. Kwa hiyo hapa tutatumia maneno ya wapiga muziki wenyewe. Maikrofoni ni chombo kinachopokea sauti. Amplifaya ni chombo kinachoikuza sauti ya gitaa. Na spika ni lile duara la karatasi ngumu, ndani ya sanduku lake, linalotetema hata sauti ikatoka. Ile ngozi nyembamba iliyomo ndani ya maikrofoni tumeiita kiwambo. Neno hilo tumelichukua kwa wawamba ngoma, na hatuoni kwa nini tutafute jingine.

Sasa tueleze tulivyoingia katika shughuli hii. Nyimbo za Wabajuni wa mwambao huu na visiwa vyake aghalabu zilifuatana na kazi. Kuna vave, nyimbo za wakulima ziimbwazo kabla ya kuchoma mashamba mapya. Kuna kimai, za watu wa baharini. Na kuna za nyumbani, za harusi na za kubembelezea watoto. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya wenye nyimbo hizo. Wengi walivuka kwenda Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine wakafika hata Ulaya. Kisha, kati ya mwaka 2008 na 2012, mji ulipokuwa mikononi mwa Al-Shabaab, muziki ulikatazwa. Kijana wa hapa mwenye umri wa miaka ishirini na mitano leo alipitisha sehemu kubwa ya utoto wake bila kuliona gitaa hadharani. Ndiyo maana vijana wanne wa mtaani kwetu walipojipatia gitaa moja, amplifaya moja na kinanda kidogo cha umeme, hatukuwa na moyo wa kuwaambia wapunguze kelele.

Vijana hao walimwendea bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Chula, mwenye hazina ya nyimbo ambazo hatujapata kuzisikia kwa mtu mwingine. Wakamwomba aimbe, nao wampigie. Sisi tukaona hapo somo: rekodi hizo zingewafaa wanafunzi wetu wa jioni, ambao shuleni husoma kwa Kisomali na nyumbani husikia Kibajuni nusu nusu, na zingewafaa wajukuu wa Kismayu walioko Mombasa na London ambao hata hiyo nusu hawaisikii. Bibi alikubali kwa sharti moja. "Wanangu," alisema, "mkinifunika, ni heri mpige peke yenu."

Sharti hilo ni zito kuliko lionekanavyo. Wasomaji wanajua kwamba t ya Kiswahili sanifu, katika maneno mengi, ni ch katika Kibajuni. Kisiwa ambacho ramani nyingine hukiandika Tula, wenyewe hukiita Chula. Tovai ni Chovai. Na tatu ni chachu. Kwa kanuni hiyo hiyo, mwanamke anayeteka maji kisimani, kwa ulimi wa Bibi, acheka maji, na asiyejua atadhani anayafanyia maji mzaha. (Mambo huzidi kunoga ukishuka Lamu, ambako kucheka ndiko kuteka. Mwalimu wa sarufi anaweza kuishi vizuri sana katika mwambao huu.) Basi kati ya t na ch kuna lahaja nzima. Anayeikosa tofauti hiyo amekisikia Kiswahili, lakini Kibajuni hajakisikia.

Na tofauti yenyewe ni ndogo mno. T ni mlipuko mfupi. Ch ni mlipuko huo ukifuatwa na msuguano wa pumzi kati ya ulimi na kaakaa, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Msuguano huo hauna nguvu ya koo. Umekaa juu, tangu kiasi cha mitetemo elfu mbili au tatu kwa sekunde na kupanda. Uzi mnene wa gitaa hutoa noti ya mitetemo 82 tu kwa sekunde, chini kabisa, na mtu angedhani kwamba gitaa na konsonanti za mwimbaji haviwezi kukutana njiani. Lakini kila noti ina wana na wajukuu wake juu yake, na amplifaya, hasa ikisukumwa hata sauti ianze kukwaruza, huwanenepesha wajukuu hao. Spika ya gitaa ya inchi 12 nayo husema kwa nguvu kati ya mitetemo elfu mbili na elfu tano, kisha hushuka ghafula. Kwa hiyo gitaa hupiga kelele mahali pale pale ambapo ch inanong'ona.

Hapo ndipo maikrofoni inapoingia, kwani kila maikrofoni ina masikio yake. Wapiga gitaa wa dunia nzima hubishana juu ya jambo hili, na ubishi wao ni mmoja: ipi inayolifanya gitaa lipendeze? Sisi tulikuwa na swali jingine. Tulitaka kujua ipi inayolinasa gitaa vizuri huku ikimwachia mwimbaji nafasi yake.

Ya kwanza ilikuwa mali ya vijana wenyewe, Shure SM57, iliyotolewa Marekani mwaka 1965. Ni ya aina iitwayo dainamiki: kiwambo kimeshikamana na koili ndogo ya waya iliyomo katika sumaku, sauti ikikisukuma kiwambo, koili husogea, na umeme kidogo huzaliwa. Haitaki umeme wa nje, haiogopi kelele, haiogopi vumbi, na bei yake ni kama dola 100 za Marekani. Ndiyo maana huikuta mbele ya amplifaya za gitaa katika studio kubwa na katika kumbi za harusi kadhalika. Walimu wa lugha watapenda kujua kwamba maikrofoni hii hii ndiyo wanayohutubia marais wa Marekani tangu enzi za Lyndon Johnson. Kazi hizo mbili zaonekana hazina undugu, lakini sababu ni moja. SM57 husikia kwa ukali zaidi karibu na mitetemo elfu tano na sita kwa sekunde. Mbele ya rais, ukali huo huzifanya konsonanti zisimame. Mbele ya amplifaya, hulifanya gitaa likate. Sasa mweke Bibi pembeni ya gitaa lililopewa konsonanti za rais, uone atabakiwa na nini.

Ya pili, Sennheiser MD 421 ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, tuliazimwa na jamaa wa Mombasa anayekodisha vyombo vya harusi. Hii nayo ni dainamiki, ila ni kubwa zaidi, na besi ya gitaa huipokea kwa ukarimu. Mkiani ina pete ya kuzungusha yenye vituo vitano. Mwanzo wake umeandikwa M, yaani muziki kwa Kijerumani, na mwisho wake S, yaani usemi. Ukiizungusha kuelekea S, inazipunguza sauti nzito ili maneno yasivimbe. Tulifurahi sana kuiona pete hiyo: muziki upande huu, usemi upande ule, na katikati vituo vya kupatania. Hata hivyo, suluhu yake hukata sauti za chini tu, na shauri letu sisi lilikuwa juu.

Ya tatu ililetwa na mwana wa Kismayu aishiye Uingereza, aliyekuja likizo na kuipakata safari nzima kama yai. Ni maikrofoni ya utepe, Royer R-121, iliyotoka Marekani mwaka 1998 na kuuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Ndani yake hamna koili. Pana utepe wa aluminiamu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi, unaoning'inia katikati ya sumaku, na utepe huo huo ndio kiwambo na ndio waya. Ufundi wenyewe ni wa zamani. Studio za redio za miaka ya 1930 zilikuwa zikitumia maikrofoni za utepe. Sauti za juu huzipokea kwa upole, bila ule mkazo wa SM57. Tena ina tabia iliyotufaa kuliko zote: husikia mbele na nyuma, lakini ubavuni ni kiziwi. Ukimkalisha mwimbaji ubavuni pake, sauti yake haiingii humo ila kwa uchache.

Ya nne ni ya kondensa, ya bei nafuu. Katika aina hii kiwambo hukaa karibu sana na bamba la chuma lenye chaji ya umeme, na kinasa chako hakina budi kuipelekea umeme wa volti 48 kupitia waya ule ule wa sauti. Kondensa bora, kama Neumann U 87 ya mwaka 1967, ni fahari ya studio za dunia, na mtu akitupa moja hatutaikataa. Tatizo ni kwamba kondensa husikia kila kitu. Yetu ilisikia gitaa, ikasikia jenereta ya jirani, kunguru juu ya mabati, na mtoto akiitwa mtaa wa pili. Zaidi ya hayo, unyevu wa bahari ni adui yake, kwani chaji huvuja katika hewa ya majimaji na maikrofoni huanza kutatarika. Kismayu hewa kavu hatuna.

Tulirekodi katika darasa, jioni, baada ya kutundika mikeka na magodoro ukutani ili sauti isirukeruke kati ya saruji na mabati. Amplifaya tuliiweka juu ya kiti, maana sakafu nayo hurudisha sauti, na sauti inayorudi huchelewa na kuichafua ile ya kwanza. Bibi alikaa ubavuni, mbali kiasi cha hatua nne, na maikrofoni yake ya kawaida ya waimbaji ikaupa mgongo amplifaya. Hatukutaka kumwimbisha mwanamke wa umri wake mara kumi kwa ajili ya udadisi wetu. Kwa kuwa kinasa chetu kina njia nne, njia moja tulimpa yeye, na tatu tukawapa SM57, MD 421 na ile ya utepe, zote sentimita kumi kutoka kitambaa cha spika. Kwa hiyo uimbaji ulikuwa mmoja, upigaji mmoja, na masikio matatu. Kesho yake kondensa ikachukua nafasi ya MD 421.

Sasa tuje kwenye kupima. Vijana walitaka tukae tusikilize na kusema ipi nzuri. Sisi tulipendekeza imla. Tuliwagawa wanafunzi wa jioni katika makundi. Kila kundi likasikia sauti ya Bibi pamoja na gitaa la maikrofoni moja tu, gitaa likiwa na ukubwa ule ule kwa kadiri ya masikio yetu, na likaandika maneno ya wimbo. Hatukuruhusu kundi moja lisikie mara mbili kwa maikrofoni mbili, kwa sababu neno likishasikika halisahauliki, na mtu hulisikia tena hata pasipo neno.

Tulitazamia kwamba maikrofoni mbaya ingeleta mapengo na upuuzi katika madaftari. Sivyo ilivyokuwa. Kundi lililosikia SM57 iliyoelekezwa katikati kabisa ya spika liliandika sentensi safi, zenye maana kamili na tahajia nzuri, na karibu zote zilikuwa za Kiswahili sanifu. Bibi alisema chachu; wao waliandika tatu. Bibi alisema acheka maji. Wao waliandika ateka maji. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Gitaa lilikuwa limeula ule msuguano wa ch, likabakiza mlipuko, na akili ya mwanafunzi ikajaza iliyobaki kwa neno inalolijua kutoka kitabuni.

Hapa tulisimama kwa muda mrefu, na twaomba wenzetu wasimame nasi. Rekodi yenye kelele hujitangaza, nasi huitupa. Rekodi hii haikuwa na kelele. Ilipendeza. Mtu wa London angeisikiliza akafurahi na kuamini kwamba bibi zake walisema tatu. Tena ndiye angekuwa shahidi: angesema, nimesikia kwa masikio yangu. Kosa lenye maana sahihi halisahihishwi na mtu, na sisi walimu tunaofundisha Kiswahili sanifu kila siku ndio tungekuwa wa mwisho kuliona.

Kundi la utepe liliandika chachu. Liliandika acheka, na wanafunzi wawili wakauliza kwa nini mwanamke anayacheka maji, swali ambalo tulilipokea kama zawadi. MD 421 ilikuwa katikati: maneno mengine yalipona, mengine hayakupona, na besi yake nzito ilitufanya tuizungushe ile pete vituo viwili kuelekea S. Kondensa haikuwafaa hata vijana wenyewe. Kunguru alisikika vizuri kuliko kinanda.

Kama tungeishia hapo, tungewaambia wenzetu wanunue maikrofoni ya utepe ya zaidi ya dola 1,000, na wangetucheka kwa ch ya sanifu. Lakini kijana mmoja, ambaye kabla ya hapo hakuwa amesema lolote, aliishika SM57 akaisogeza pole pole kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni, upana wa vidole vitatu hivi, akaiinamisha kidogo. Ukali ukashuka kama mtu aliyefunga dirisha. Katikati ya spika ndimo zitokamo sauti kali. Ukingoni ni laini na nzito zaidi. Akairudisha nyuma hadi sentimita kumi na tano, kwa sababu maikrofoni za namna hii huvimbisha besi kadiri zinavyokaribia. Tulirekodi upya beti mbili tu, za wimbo mwingine, kwa idhini ya Bibi. Tulipofanya imla kwa kundi jipya, madaftari yalikaribia sana yale ya kundi la utepe. Vidole vitatu vya kusogeza maikrofoni vilikuwa vimetuokolea zaidi ya dola elfu.

Mpiga gitaa hakuridhika. Tuliiheshimu hoja yake wakati ule na tunaiheshimu hata sasa. "Maalim," alisema, "gitaa langu nalo lina maneno. Mbona lake lisikike na langu lifunikwe blanketi?" Hakusema kwa utovu wa adabu. Alikuwa amejifunza peke yake, kwa kusikiliza kanda za zamani za bendi za Mogadishu, na katika kanda hizo gitaa halifichiki. Bendi ya Iftin, iliyokuwa chini ya Wizara ya Elimu, na Dur-Dur Band, ambayo albamu yake ya mwaka 1987 ilirekodiwa Radio Mogadishu na kutolewa upya Marekani mwaka 2013, zilikuwa na magitaa yenye kujibizana na mwimbaji kana kwamba yana ulimi. Kijana huyu alitaka ulimi huo. Kumnyima kwa jina la lahaja kungekuwa ajabu, hasa katika mji ambao jana tu muziki ulikuwa marufuku.

Tulimjibu kwa swali: katika kanda hizo, gitaa husema lini? Tukasikiliza pamoja. Alipolitafuta jibu alilipata mwenyewe. Mara nyingi gitaa hunyamaza au hujikunja mwimbaji anapotamka, kisha hufunguka anapovuta pumzi. Hata bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa na desturi hiyo. Pale bendi nzima ilipiga kwa pamoja katika chumba kimoja, hapakuwa na nafasi ya kurekodi chombo kimoja kimoja na kurekebisha baadaye, na maneno ya wimbo yalipitiwa kabla ya bendi kuruhusiwa kurekodi. Ukaguzi huo wa maneno ulikuwa na ubaya wake, na wanamuziki walioupitia hawakuusifu wote. Lakini ulimfanya kila aliyekuwamo studioni ajue kwamba neno litasikilizwa. Sikiliza Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978: magitaa matatu yanasukana, na bado mwanafunzi anaweza kuandika imla ya ubeti.

Basi tukapatana hivi. Mpiga gitaa ana maikrofoni mbili mbele ya amplifaya: SM57 yake katikati ya spika, kali kama anavyoipenda, na nyingine ukingoni. Bibi anapoimba, tunatumia ile ya ukingoni. Anaponyamaza, tunafungua ile ya katikati, na kijana anasema yake. Fundi atauliza kwa nini tusizichanganye zote mbili wakati wote. Tulijaribu, na sauti ilikonda. Hewa hupitisha sauti kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo maikrofoni mbili zikitofautiana umbali kwa sentimita 34, moja husikia sehemu moja ya elfu ya sekunde baada ya mwenziwe, na mitetemo ya 500 kwa sekunde hufutana, moja ikipanda wakati nyingine inashuka. Sentimita chache hufuta mitetemo ya juu zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuzichanganya azipange kwa rula, viwambo vyote viwili mstari mmoja.

Maikrofoni ya utepe imerudi Uingereza na mwenyewe, na hatukusikitika sana. Ina sauti bora kuliko zote tulizozisikia, hilo twakiri, lakini upepo wa kusi ukiingia dirishani wakati mmoja tu waweza kuuvuta utepe wake na kuuharibu, na hapa Kismayu hakuna wa kuutengeneza. Chombo cha kurekodia lahaja ya pwani hakina budi kustahimili pwani.

Bibi alipoletewa rekodi ya mwisho alisikiliza kimya, kiganja kikiwa sikioni, kisha akasema gitaa hili lina adabu, ila kinanda bado ni mgeni asiyebisha hodi. Kinanda tumekipunguza.

Siku hizi juu ya kila rekodi tunaandika, pamoja na jina la wimbo na kisiwa ulikotoka, maikrofoni iliyotumika mbele ya amplifaya, umbali wake, na kama ilikuwa katikati ya spika au ukingoni. Mwalimu atakayeisikiliza baadaye akikuta t mahali alipotazamia ch, ataweza kujua kama ni mwimbaji aliyeitamka au ni gitaa lililoila ile ch. Bahari ikitulia tunakusudia kwenda Chovai kurekodi kimai za wavuvi, na vijana wamekwisha kununua amplifaya ndogo ya betri kwa safari hiyo. Spika yake ni ya inchi 8, na ukingo wake uko karibu sana na katikati; vidole vitatu havitatosha mle ndani, itabidi tupime upya.